Maneno ya Kwenye Mabano

Mbele yangu kwenye basi, msichana wa sekondari alishika kitabu cha tamthilia akijisemea: "Mwanangu hatarudi. Anakaa kimya."

Fundi cherehani aliyekaa naye, tepu ya kupimia ikiwa bado shingoni, akamgeukia. "Nani anakaa kimya, binti?"

"Mimi, mama, kwenye mchezo. Imeandikwa kwenye mabano."

"Sasa mbona unaisema?"

"Nilikariri kitabu chote kwa ajili ya mtihani, mabano na yote. Sasa jukwaani yananitoka yenyewe. Mwalimu kasema nikiyasema tena leo, nafasi yangu anampa mwenzangu."

Fundi akacheka hadi tepu ikamteleza. "Mimi nikishona gauni, mteja havai mistari ya chaki!"

"Lakini mama, mtihani unauliza hiyo hiyo mistari!"

Walivutana hivyo vituo viwili. Mimi ninayesoma masomo ya jioni, mtoto wangu akinyonya mapajani, nilijiona kwa binti, maana tamthilia yangu ya mtihani naisoma kama karatasi ya kliniki, tarehe na maelekezo tu.

"Haya," fundi akasema, "funga kitabu. Niambie mimi kwamba mwanao hatarudi."

Binti akakifunga, akamtazama. "Mwanangu hatarudi." Kisha akanyamaza.

Mtoto wangu akaacha kunyonya, akamkodolea binti macho. Nami nikajikuta nimemkumbatia mtoto kwa nguvu, utadhani kuna anayekuja kumchukua.

Basi likasimama, binti akashuka mbio.

"Umeona sasa?" fundi akamwita dirishani.

"Nimeona, mama! Lakini kwenye mtihani, huo ukimya nitauandikaje?"