Kumuaga Mwalimu Pazi na Alhamisi Zake

Mheshimiwa Jumbe Mbaraka, Mwenyekiti wa Kamati ya Shule. Bwana Mkuu wa Shule pamoja na walimu wako. Maalim Twalibu na wazee wa mji. Bwana Karani wa shamba la mkonge, uliyetuazima viti. Wazazi wa hapa na wazazi wa kambini. Na ninyi wanafunzi mliokaa chini kwa sababu viti vimetosha wakubwa tu: nawasalimu kila mmoja kwa cheo chake, na asiye na cheo namsalimu kwa jina.

Kamati imenichagua mimi, Kibwana wa duka, niseme maneno ya kumuaga Mwalimu Zakaria Pazi. Nimeambiwa nimsifu, nisiwe mrefu, na nisiguse mambo ya dini. Mawili ya kwanza nitajaribu.

Mwalimu Pazi anakwenda Mahenge. Ni uhamisho wa heshima, ndivyo tulivyotangaziwa. Mzaramo wa Kisarawe, ambaye mama yake mzee anamtegemea yeye tu, tumemheshimu mpaka Mahenge. Je, kama tungemchukia, tungempeleka wapi?

Inasemwa kwamba alikuja hapa na kikundi chake cha Kikristo mfukoni, akangoja siku ya kukitoa. Si kweli, na waliopo wanajua. Kikundi kile kilianzishwa na sisi, siku ya mazishi, na siku hiyo Mwalimu hakuwepo.

Mwaka juzi, wakati wa masika, homa iliingia kambini kwa wakata mkonge. Ikamchukua Atupele, msichana wa darasa la nne, ambaye baba yake alitoka Tukuyu kuja kufanya kazi ya mkataba. Njia ya misheni ilikuwa maji matupu, padre hakufikika. Mwalimu Pazi, Mkristo pekee kati ya walimu wetu, alikuwa Dar es Salaam kufuata vitabu.

Sisi watu wa hapa tuna aibu zetu, lakini kwenye msiba hatuitwi mara mbili. Mzee Mwinyijuma, huyu hapa, anayetuchimbia makaburi tangu baba zetu, alitangulia na jembe kabla baba wa marehemu hajanyamaza kulia. Meneja wa shamba alitoa kipande cha ardhi kando ya mkonge. Mwinyijuma akachimba kaburi zuri, limenyooka, limeelekea kibla, na chini akatoboa mwanandani, ule ubavu wa ndani tunamolaza maiti wetu. Alichimba kwa mapenzi. Kaburi la namna nyingine alikuwa hajaliona maishani mwake.

Kisha likaja sanduku. Wavulana wa useremala walikuwa wameliunga kwa mbao za masanduku ya sabuni, na ubavuni kulikuwa na maandishi ya Kizungu yasemayo kwamba mzigo huu uwekwe pakavu. Mvua ilikuwa inanyesha. Sanduku likateremshwa, likapandishwa, likageuzwa, mwanandani halikuingia. Mwinyijuma akasema, kwa upole kabisa, "Ndugu yangu, nyumba ni hii. Mtoto atoke sandukuni aingie ndani." Baba akajibu, "Mzee wangu, mwanangu simtoi." Basi tukalipanua kaburi, na kila pale jembe lilipotoa udongo, maji yalichukua nafasi yake.

Alipokwisha kulazwa tukasimama. Nani aseme maneno? Maalim Twalibu alininong'oneza kwamba dua anazo, lakini hazikuandaliwa kwa pale, na alisema kweli. Baba mtu hakujua kusoma. Tukawatazama watoto wa kambini, wenzake Atupele. Wakaanza wimbo. Mmoja kwa Kinyakyusa, mwingine kwa Kibena, wa tatu kwa Kiswahili cha misheni nyingine, na kila mmoja kwa sauti aliyofundishwa kwao. Mstari wa kwanza haukufika mwisho. Wakanyamaza, wakainamia chini kama waliokamatwa na kosa. Tukafukia. Baba Atupele akanigeukia mimi niliyekuwa karibu naye, akauliza, "Ndiyo imekwisha?" Nikamwambia imekwisha.

Ningemwambia nini kingine?

Mwalimu aliporudi alikwenda kambini, akakaa na yule baba mpaka jioni. Alhamisi iliyofuata, baada ya masomo, akawaita watoto wale kwenye chumba cha majembe cha shule. Nilipita kusikiliza, maana mimi ni mtu wa kupita. Nilitarajia mahubiri. Sikuyasikia. Alikuwa anawafundisha sala ya Baba Yetu kwa Kiswahili kimoja, waimalize pamoja, kwa sababu kila mtoto alikuwa na mahali pake pa kusema amina, na wengine waliwahi mno. Kisha wimbo mmoja, kwa sauti moja, tena na tena, mpaka mbuzi wa jirani wakachoka wakahama kivuli.

Ndugu wageni waalikwa, mmesikia mengi juu ya kikundi cha Kikristo cha wanafunzi wa shule hii. Kwa mwanzo wake kilikuwa hicho tu: watoto wanaojifunza kuzika.

Ila chumba cha majembe kina dirisha lisilo na kioo. Mwanaasha, binti wa Bwana Mwenyekiti, alikuwa anakaa dawati moja na Atupele. Akawa anakuja kusimama dirishani. Siku moja akasikika kwao anatwanga, na mchi unafuata wimbo ule. Bwana Mwenyekiti, sikucheki. Nami nina mabinti. Mzazi akisikia mwanawe anaimba asichomfundisha yeye, moyo hautulii, na sote tunajua shule ambazo mtoto aliingia na jina la babu yake akatoka na jingine. Kwenye kikao ulisema, "Leo anaimba, kesho ataitwa Elizabeti." Mwalimu alisimama, akakuamkia kwanza, kisha akasema, "Mzee, mimi sikumwita. Lakini nikimfukuza nitamwambia nini? Aliyekufa ni rafiki yake."

Kamati ilipeleka maneno mjini, kwa wakubwa wa elimu, na mjini wakarudisha heshima hii tunayoinywea chai leo. Pamoja na heshima ikaja amri: pasiwe na mkusanyiko wa dini ndani ya majengo ya shule, wala saa za masomo.

Sasa kuna jambo limebaki katikati. Baba Atupele alikuwa amewaomba watoto wale kwamba wakishajua vizuri, waende kaburini wamsomee mwanawe yale aliyoyakosa. Siku ilikwisha kupangwa. Amri ikatangulia. Na mkataba wake wa mkonge unakwisha wiki hii, anarudi Tukuyu, ambako mama wa mtoto atamuuliza mumewe binti yao alizikwaje. Yule pale nyuma, amesimama. Hakuja kunywa chai.

Mimi shule sikuingia. Kusoma nilijifunza kwa magazeti ya kufungia sukari, na hayo humzoeza mtu kusoma mpaka pembeni. Amri ile nimeisoma hivyo hivyo. Inasema majengo. Inasema saa za masomo. Kesho ni Jumamosi, na kando ya mkonge hakuna jengo. Treni ya Mwalimu inapita Ruvu alasiri. Mwinyijuma amekwisha kufyeka majani. Maalim Twalibu atakuwepo, atasimama mbali kidogo, kama jirani anavyosimama.

Kwa hiyo kesho asubuhi watoto watasema maneno yao mpaka mwisho, Mwalimu akiwa nao. Mara moja. Sitawadanganya kwamba ni mwanzo wa jambo jipya. Alhamisi ijayo chumba kitakuwa cha majembe, hakuna atakayewafundisha wadogo zao, na masika yanakuja, na homa haisomi amri. Tutachimba tena, kwa bidii kama kawaida yetu, halafu tutasimama pale tunatazamana.

Mwalimu Pazi, hukutuomba radhi kwa kuwa Mkristo, wala sisi hukututaka tuache tulivyo. Nenda salama. Mama yako tutamtazama. Hilo nalisema mbele ya watu ili nisiweze kulikana.

Na neno la mwisho. Mwanaasha alikuja dukani leo kununua chumvi, akaniuliza kama kesho na yeye anaweza kufika. Hakuuliza habari za dini. Aliuliza kama ni lazima kuimba, au mtu anaweza kusimama tu. Nilimwambia kwamba swali hilo ni la baba yake, nami nitalifikisha. Bwana Mwenyekiti, nimelifikisha. Usinijibu mimi. Yeye yuko pale chini, kati ya wenzake, anakutazama.

Nimemaliza. Kwa masikio mliyonipa, wakubwa kwa wadogo, nawashukuruni nyote.