Joab Atuti na Mbuzi wa Chebunyo

Nitawasomea jambo ambalo hamtaliamini: siku moja masikio yangu haya mazima yalishindwa na ya kiziwi. Mimi ni Ratemo, mjomba wa marehemu, msemaji wa ukoo, niliyesoma mpaka darasa la nne. Mnajua wenyewe bila mimi vijana wengi hapa hawangeoa.

Marehemu Joab Atuti alizaliwa tarehe 3 Machi 1934 huko Nyaribari, Kisii, kifungua mimba wa dada yangu Bonareri na Mzee Onsongo. Akiwa mtoto aliugua surua, akapona, lakini masikio yakaziba. Akaanza kutazama watu midomo mpaka akajua kila wanachosema. Nyumba ile haikukaa na siri tena. Mimi nilisengenya nikijiziba mdomo kwa kofia.

Alisoma shule ya misheni mpaka darasa la tatu. Mwalimu alipenda kufundisha akiwa amegeukia ubao, na kisogo hakisomeki. Joab akaacha.

Mwaka 1955 nilimleta Kericho, akaandikwa kazi kiwanda cha majani chai. Kule mashine zilinguruma mpaka sote tukawa viziwi, ila yeye peke yake ndiye alikuwa na mazoezi. Mafundi walimwita awaambie mwenzao wa upande wa pili anasema nini. Na alikuwa na tabia moja: mtu akitia chumvi katika maneno, Joab aliziba masikio yake kwa viganja. Kwangu mimi alifanya hivyo karibu kila siku.

Akitumwa shambani kuleta majani, alimwona Sellah Chelangat, mchumaji kutoka Chebunyo, aliyeongea naye kutoka mstari wa mbali bila kutoa sauti. Majirani walisema hakuna mzee atakayempa kiziwi binti. Joab akanishika koti. “Mjomba, nikimkosa huyu sitaki mwingine. Tafadhali usiongee sana.”

Agosti 1963 tulifika Chebunyo kwa Mzee Arap Mosonik, baba yake Sellah. Nilikuwa nimevaa tai. Joab alibaki chini ya mti nje ya mlango, ameshika mbuzi wetu wa salamu. Mzee akachungulia nje, akasema, “Mpusi moja tu?”

Nikasikia mpuuzi. Nikauliza, “Mpuuzi gani, mzee?”

“Ile iko kwa mti. Na amekonda.”

Joab alikuwa amekonda kweli. Nikasimama, nikachukua kofia, nikasema ukoo wetu hautukanwi. Mama yake Sellah akaanza kuondoa vikombe. Joab, aliyekuwa akitazama mdomo wa mzee, akaingia mbio na mbuzi wake mpaka katikati ya nyumba.

“Mbuzi, Mjomba,” akasema. “Anasema mbuzi. Kaa chini.” Kisha akamgeukia mzee. “Baba, nitaongeza.”

Arap Mosonik alicheka mpaka akakohoa. “Huyu anasikia,” akasema. “Huyo mwingine mpeleke hospitali.” Vikombe vikarudi. Walioana Desemba mwaka huo.

Mapema mwaka huu wa 1977 Joab alishikwa na ugonjwa wa figo. Alilazwa Kericho, na tarehe 19 Mei akafariki, Sellah akimsemesha bila sauti mpaka mwisho. Ameacha mjane huyo, watoto Kepher, Mokeira na Jerusa, mama yake Bonareri, na shamba lake la chai hapa Mogogosiek, ambalo palizi yake hamtaiweza. Lala salama, mtoto wa dada.

Karatasi hii, kabla sijaongeza habari za kifo, nilimsomea kitandani wiki ile ya mwisho, polepole, ili aone midomo yangu. Alikubali yote, hata ile ya mpuuzi. Nikafika mahali pa mahari, nikasoma: “Basi mimi Ratemo nikarudi Chebunyo nikiswaga mbuzi mia mbili, na fahali weupe wametangulia, na watu wa Bomet nzima wamejipanga barabarani wakiuliza huyu bwana mwenye tai ni—”

Joab akatoa mikono chini ya blanketi, akaziba masikio.