Gari Liko kwa Shemeji

Ndani ya basi, mshonaji alijifanya anahesabu vifungo, lakini masikio yake yote yalikuwa kwenye kiti cha mbele yake. Hapo walikuwa wameketi karani mmoja aliyelowa jasho mpaka kwenye tai na mama aliyevaa ovaroli ya gereji.

"Kiyoyozi cha gari langu kimejazwa gesi mara nne," karani alilalamika. "Wiki haiishi, joto limerudi."

"Gesi haiishi kama petroli, kaka. Ikipungua, inavuja. Fundi wako amepaka povu la sabuni kwenye mabomba aone panapovuja?"

"Hana haja. Anaweka kiganja kwenye tundu la hewa, anajua."

Mshonaji aliuma kifungo asicheke. Kipimo hicho hata betri hakihitaji.

"Huyo anajaza ndoo iliyotoboka," alisema mama wa ovaroli. "Umemtoa wapi?"

"Ni shemeji yangu!" karani alifoka. "Na hana papara. Akishajaza gesi, hukaa na gari siku tano akilijaribu. Jumapili kalijaribu na mkewe na watoto mpaka ufukweni."

"Baridi iliingia?"

"Walijifunika shuka! Likirudi kwangu ndiyo linakufa. Anasema mimi nawasha vibaya."

Mama alifungua mdomo, basi likasimama. Karani alikuwa ndiyo kwanza ameshuka, gari likapita kando yake, vioo vyote juu, dereva kavaa sweta.

"Hilo hapo!" karani alipaza sauti kwa fahari, akijipepea kwa faili. "Mmeona? Bado analijaribu!"