Jumla Aombwa Mchanganuo

Benchi langu ni ubao mrefu juu ya matofali, umeegemezwa kwenye ukuta wa kibanda cha kinyozi. Mimi ndiye ninayeuza kahawa hapo. Wananiita Shangazi, ingawa sina kaka hata mmoja aliyezaa viumbe wa namna hii. Asubuhi ile walikuwa watatu. Wakili, ambaye ndiye kinyozi mwenyewe, alipata jina hilo baada ya kwenda mahakamani mara moja kutoa ushahidi wa kuku aliyeibwa. Tangu siku hiyo sheria zote anazo yeye. Breki ni dereva wa lori mstaafu, hakuna hadithi ya mtu asiyoisimamisha katikati. Na Jumla, fundi ujenzi. Huyu ukimwita kuona kazi, anazunguka mara moja, anakuna kidevu, anakutajia hela moja ya kila kitu, basi. Ndiyo maana ya jina. Sasa alikuwa amepata kazi kwa dada mmoja wa mtaa wa nyuma, ambaye baba yake alivunjika nyonga na anarudi nyumbani na kiti cha magurudumu. Choo kina kizingiti, mlango mwembamba, sakafu inateleza. Jumla akapima, akataja hela yake moja. Dada akamwambia: niandikie mchanganuo, kila kitu na bei yake, nitaupitia kwa Shangazi asubuhi nikielekea kazini. Na Jumla hakuwa ameshika mwiko wa kazi tangu mvua zianze.

— Mchanganuo! — alisema Jumla, kama mtu aliyeambiwa avue suruali barabarani. — Nimejengea watu nyumba nzimanzima, hakuna aliyeniuliza msumari bei gani.

— Hakuamini huyo — alisema Wakili.

— Haniamini vipi, na ufunguo wa nyumba kanipa?

— Ndiyo mtego wenyewe. Kisheria, mtu akikupa ufunguo anakupima.

— Sheria ipi hiyo?

— Ipo.

— Simama hapo — alisema Breki, akainua kiganja. — Huyo ana fundi mwingine pembeni. Anataka karatasi yako ampelekee, amwambie, haya, mwenzako kasema hivi, wewe shusha. Mimi nimeendesha lori, nayajua haya. Ukitaja nauli kwa tajiri mmoja, jioni iko kwa wenzake wote.

— Basi nisiandike?

— Usipoandika, anaondoka — alisema Wakili. — Ukiandika, anaondoka na karatasi.

Jumla aliomba kahawa ya pili. Ya kwanza hakuwa amelipa. Nikammiminia, maana mtu akiwa kwenye dhiki hanywi, anameza tu, na kikombe kinarudi upesi.

— Mimi nadhani ni mambo ya kodi — Wakili alishusha sauti. — Mmeliona begi lake? Jeusi, lina zipu mbili.

— Hata mimi nina begi jeusi — nilimwambia.

— Ndiyo maana Shangazi hatujui unaingiza kiasi gani.

— Simama hapo! — alisema Breki. — Huyo baba, nani kamwona? Nauliza tu. Isije ikawa hakuna mgonjwa. Anakusanya michanganuo kwa kila fundi, akishajua bei zote anafungua kampuni yake ya ujenzi, nyie wote mnakuwa vibarua wake.

— Baba nimemwona mimi — nikasema — akipakiwa kwenye gari, anamtukana kila aliyemshika mguu. Kama ni maigizo, anastahili kulipwa.

Breki alikishusha kiganja. Hapendi kusimamishwa yeye.

Ndipo Jumla akasema lililokuwa linamkaba. Alilisema akiangalia viatu.

— Tatizo si kuandika. Tatizo mimi ufundi siuwekagi peke yake.

Nawaeleza msiojenga. Mteja ukimtajia bei ya mfuko wa simenti, hasemi neno, maana simenti haina uso. Mtajie bei ya mkono wako, ataanza: fundi bwana, punguza, si utamaliza upesi tu, si uko karibu. Kwa hiyo mafundi wamejifunza. Kwenye kila mfuko wanaongeza kidogo, kwenye kila kigae cha sakafu kidogo, kwenye bomba kidogo. Hicho cha juu ndicho chakula cha watoto. Mkono wenyewe unaonekana ni wa bure, na mteja anafurahi kwamba amepata fundi mwenye huruma.

— Sasa akichukua karatasi akapita nayo dukani — alisema Jumla — ataniona mwizi.

— Hakuna wizi — alisema Wakili, akachomoa kalamu sikioni. — Kuna maandishi. Tukae tuandike kitaalamu. Simenti, panda kidogo. Mabomba, panda kidogo. Vigae, hapo panda sana, wanawake hawajui vigae.

— Wakili — nikamwambia — mkeo ndiye aliyeweka vigae nyumbani kwako, wewe ulikuwa unashika ndoo.

— Kisheria nilikuwa msimamizi.

— Andika na usumbufu — alisema Breki.

— Usumbufu gani?

— Wa kuombwa mchanganuo.

— Na kuwazia kazi — aliongeza Wakili, anaandika kweli. — Jana hukulala ukiwazia? Hiyo ni saa ya kazi. Na ufundi tunaweka kahela kadogo mwishoni, aone una utu. Ukiona ufundi mdogo, unasaini bila kufikiri.

— Na kahawa yangu niichanganue? — niliwauliza. — Maji, mkaa, sukari, na kusikiliza upuuzi. Hicho cha mwisho mkikilipia, kesho nahamia ghorofani.

Walicheka wote, hata Jumla. Akaisoma karatasi, akaona imejaa, imenyooka, ina jumla yake chini ileile aliyoitaja mwanzoni. Akavuta pumzi. Akaniambia leo atanilipa vikombe vyote. Sijui kwa nini watu wanapenda kuniahidi mbele ya mashahidi.

Dada akafika, begi lake jeusi begani. Akatusalimia mmoja mmoja, mimi akanishika mkono kwa heshima kama mtoto aliyelelewa. Akaipokea karatasi, akaisoma amesimama. Usumbufu aliusoma mara mbili, akaendelea chini.

— Ahsante sana fundi. Umenisaidia mno. Unajua nyumbani tuko watatu, na kila mmoja alitaka ashike fungu lake kwa ajili ya baba, tusije tukagombana nani katoa nani hakutoa. Bila mchanganuo tungegawanaje?

— Mnagawana? — aliuliza Jumla.

— Eeh. Kaka yangu yuko kwenye duka la vigae, vigae vyote atavileta mwenyewe. Dada yangu simenti na mabomba, anavichukua kwa shemeji yake. Kwa hiyo hivyo usinunue, vitakukuta pale pale.

Nilimwona Jumla akikitazama cha juu chake chote kinapanda gari na kuondoka. Wakili alirudisha kalamu sikioni. Ilianguka, akaiacha chini.

— Mimi nimejichukulia ufundi — aliendelea dada. — Nilitaka mimi niwe wa kulipa mtu aliyefanya kazi.

Akaangalia tena chini ya karatasi, kwenye kale kahela ka ufundi.

— Lakini kinyozi, samahani. Kichwa unanyoa kiasi gani?

Wakili akamtajia, kwa sauti ndogo sana.

— Hapa ni vichwa viwili. Kubomoa kizingiti, kupanua mlango, kumwaga sakafu, kupanga vigae, kufunga na vyuma vya baba kujishikia, ni vichwa viwili?

Dada akamgeukia Jumla, wala hakuwa amekasirika.

— Fundi, kazi yako ni bei gani?

Nilimtazama Wakili, ambaye ana sheria zote. Alikuwa anatafuta kalamu. Nilimtazama Breki. Alikuwa amesimama bila kusimamishwa na mtu.

Jumla alifungua viganja, akavitazama kama vya mtu mwingine aliyemwazima.

— Kubomoa kizingiti... — alianza, kisha akanigeukia. — Shangazi, kubomoa kizingiti ni bei gani?

— Mimi nimebomoa vizingiti vingapi? — nikamwambia. — Jiulize mwenyewe.

Akajiuliza. Ilionekana usoni, kazi nzito kuliko kubeba zege. Alikunja kidole kimoja, akakikunjua, akaanza upya.

Dada hakumharakisha. Alivuta begi, akakaa, akaniomba kahawa, akaanza kuinywa taratibu, kama mtu aliyeagiza chakula na anasikia harufu yake kikiiva.