Mama Wino na Ukurasa Usiovunjwa

Wasikilizaji wapendwa, vuteni viti. Leo sauti yangu imechoka kidogo, mtanivumilia. Ninayemkumbuka ni mchapaji. Si mchapaji wa kompyuta. Ni mchapaji wa herufi za madini ya risasi, zinazopangwa moja moja kwa vidole. Mtaani walimwita Mama Wino. Mama Wino hatunaye tena.

Karakana yake ni chumba kimoja nyuma ya duka la fundi cherehani. Ndani mna mashine moja ya mkono, meza ya chuma, na kasha la herufi lenye visanduku vingi. Waliofanya kazi humo ni wawili tu. Mama Wino alipanga herufi, mdogo wake wa kike akavuta mkono wa mashine. Ni ndugu wa tumbo moja, wakigombana asubuhi na kucheka mchana.

Sasa, kulikuwa na shida. Herufi zile walizinunua kuukuu, na ziliundwa kwa ajili ya lugha ya watu wengine, herufi a zikiwa chache. Kiswahili chetu kinakula a kama moto unavyokula kuni. Kisanduku cha a ndicho kilichokauka kwanza, kila siku. Kwa hiyo kazi ikiisha, ukurasa ulivunjwa, herufi zikaoshwa na kurudishwa visandukuni. "Herufi hazilali nje," alisema Mama Wino. Hiyo ilikuwa sheria.

Uhaba huo ndio uliomfanya msanii. Bibi harusi mmoja alileta kadi iliyojaa "karibuni, karibuni". Mama Wino akamtazama juu ya miwani.

"Mwanangu, utanimalizia a zangu. Andika 'njooni'. Watakuja tu, nani anakataa kula?"

Binti alicheka, akakubali. Kadi ikapendeza kuliko ile aliyoileta.

Miaka ya mwisho wateja walipungua. Kifua nacho kikaanza kumsumbua. Hapo ndipo alipoanza kitabu chake mwenyewe, nyimbo za kubembelezea watoto, walizoimbiwa na mama yao yeye na mdogo wake. Anapanga ukurasa mmoja, anauchapa, anauvunja, ndipo aanze mwingine. Kazi ya kuchosha, jamani. Akafika ukurasa wa mwisho. Ukabaki mstari mmoja, ambao hakuukumbuka vizuri. Aliutafuta kichwani mchana kutwa. Kifua kikambana. Akaufunga ukurasa kwa uzi, akamwambia mdogo wake, "Usiuvunje. Kesho namalizia."

Siku hiyo, kwa mara ya kwanza, herufi zililala nje. Kesho yake Mama Wino hakuamka.

Tanzia ilibidi ichapwe, na ichapwe palepale. Ingechapwa wapi kwingine? Mume wa marehemu alifika, macho mekundu. Akaona kisanduku cha a kinakaribia kuwa kitupu, na a nyingi zimo kwenye ule ukurasa.

"Shemeji, uvunje. Wa kuumaliza hayupo."

"Shemeji, nimechoka, usinibishie. Dada alisema usiuvunje."

Mdogo mtu akapanga tanzia kwa herufi zilizobaki. Akafupisha hapa, akabadilisha neno pale, kama alivyofundishwa. Akamtaja mume. Akawataja watoto. A zikaisha. Akavuta mkono wa mashine, na karatasi zikabandikwa mtaani kote, wino haujakauka.

Nilipokwenda kuhani nilikuwa na ile tanzia mkononi. Nikamuuliza mdogo wa marehemu, mbona wewe hujatajwa humu?

"Zilikwisha," akasema. "Kwani nani asiyenijua?"

Kisha akajifuta uso kwa mkono wenye wino, akabaki na doa shavuni. Ukurasa ulikuwa pale mezani, umefungwa kwa uzi, na mstari wake mmoja mtupu. Upo mpaka leo.

Wasikilizaji wapendwa, leo tufikirie kidogo. Kwenye kila msiba kuna mtu anayepika, anayepokea wageni, anayechapa tanzia. Huyo tunamzoea mpaka tunasahau kumpa pole.

Kwa familia ya Mama Wino, poleni sana. Mungu awape subira. Na kwa kuwa hapa redioni herufi haziishi, naomba niisome tanzia upya, yote. Mama Wino ametutoka. Ameacha mume. Ameacha watoto. Na ameacha mdogo wake.

Pole, dada.