Mara Saba au Mara Tatu

Nilikaa nyuma yao kwenye treni ya asubuhi, na kwa kuwa sijawahi kuwa na adabu ya kuziba masikio, nilisikia yote. Dada mwenye miwani na kijana mwenye kofia, wasiojuana kabisa, kila mmoja kapakata roboti yake ya mashindano, yenye mkono wa kurusha mipira kama manati.

"Kwangu mota inazunguka mara saba ndipo mkono urudi nyuma mara moja," kijana alijigamba. "Gia kubwa hiyo, dada. Nguvu! Raba bendi nne navuta bila jasho."

"Mpaka umalize kuvuta, mwenzio nimesharusha mipira mitatu," dada akamjibu. "Yangu inazunguka mara tatu tu. Gia ndogo, kasi ndiyo mpango mzima."

"Mara tatu! Hiyo mota utaiunguza mbele ya watu."

"Na wewe kaka yangu, waamuzi watakusubiri wakipiga miayo."

Hakuna aliyelegeza kamba. Walijiamini kiasi kwamba mimi, nisiyejua hata gia za baiskeli, nilihama upande kila kituo.

Treni iliposimama walishuka, wakaagana kwa tabasamu la washindi, kisha wakaketi kwenye benchi moja, wamepeana migongo. Niliwachungulia dirishani. Kijana, bisibisi mkononi, alikuwa anang'oa gia kubwa aweke ndogo. Dada naye alikuwa anang'oa ndogo, aweke kubwa.