Jicho la Kushoto la Theodora Gunda

Tarehe 9 Juni 1983, katika kijiji cha Kisiriri, wilaya ya Iramba, Bi. Martha alikuwa uani anapura mtama pamoja na wanawake wenzake, ndipo Frank, mdogo wa mume wake, alipofika anahema na habari kwamba kaka yake Benjamin ameajiriwa kwenye kiwanda cha pamba, naye Bi. Martha, fimbo ya kupuria ikiwa bado mkononi, akamwuliza, “Nani kasema?”, na kabla Frank hajavuta pumzi ya kujibu uchungu ukamshika Bi. Martha, mtama ukaachiwa kuku, na jioni ile akazaliwa mpendwa wetu Theodora, mtoto wa pili kati ya watano wa mzee Benjamin Gunda. Ajira yenyewe ikaja kujulikana kuwa ni ya msimu mmoja tu, kwa hiyo swali la Bi. Martha lilikuwa la haki, na sisi wa familia tumezoea kusema kwamba Theodora alizaliwa nalo mdomoni. Alibatizwa tarehe 25 Desemba mwaka huohuo katika kanisa la Kilutheri pale kijijini.

Mwezi Aprili 1990, akilinda uwele usiliwe na ndege pamoja na watoto wenzake, jiwe la teo lilimpiga jicho la kushoto, akalala siku kadhaa kichwa kimefungwa kitambaa, na kitambaa kilipofunguliwa jicho lilikuwa zima kwa kulitazama, halina kovu wala ukungu, ila halikuona tena. Bi. Martha alimpeleka hospitali ya Kiomboi, wakaelezwa ukweli, na njiani wakati wa kurudi akamwambia binti yake, “Hili ni la kwako na langu. Watu wakijua, siku ya kuposwa watakutafuta kasoro kama ng’ombe wa mnadani.” Jambo hilo tunalisema leo mbele yenu kwa sababu marehemu mwenyewe aliagiza lisemwe, na pia kwa sababu tangu juzi kuna maneno yanazunguka humu matangani, kwamba kazi yake aliachiwa kwa kuhurumiwa.

Alisoma Shule ya Msingi Kisiriri kuanzia Januari 1991 hadi Septemba 1997, akachaguliwa kuendelea na sekondari Kiomboi mwaka 1998, akamaliza kidato cha nne mwaka 2001, na miaka yote hiyo alikaa dawati la kushoto kabisa, ukutani, ili watu wote wawe upande anaouona, walimu wakadhani anapenda kuegemea. Mwaka 2002 alisoma kompyuta kwa miezi sita mjini Singida, na kuanzia Februari 2003 aliajiriwa kwenye duka la kuchapa na kutoa kopi karibu na stendi, ambako alichapa barua za maombi ya kazi za watu wengi waliopo hapa, na wengine, kama alivyopenda kuwakumbusha, hawajarudi kumwambia kama walipata.

Tarehe 17 Septemba 2005 alifunga ndoa na bwana Paskali Msengi, fundi wa kuchomelea vyuma, mkazi wa Mandewa, mjini Singida. Wiki ya kwanza ya ndoa alimmiminia mumewe chai pembeni ya kikombe, mara ya kwanza na mara ya pili, na alipoanza kutafuta uongo wa kumwambia, Paskali akasema, “Acha. Tangu uchumba unanimwagia, nilijua una jicho moja au hunipendi, na mahari ilikuwa imeshatolewa.” Walijaliwa watoto watatu, Peniel aliyezaliwa mwaka 2006, Derick mwaka 2010, na Dorika mwaka 2015.

Tarehe 4 Machi 2019 marehemu aliajiriwa na kampuni ya kigeni iliyofungua ofisi hapa Mandewa, na kazi yenyewe, kwa sisi ambao hatukuwahi kuielewa sawasawa, ilikuwa hivi, kompyuta inaleta picha ya barabara, ya soko au ya shamba, mfanyakazi anachora mstari kuzunguka kila gari, kila mtu na kila ng’ombe, anaandika ni kitu gani, ili mashine za huko nje zijifunze kuvitambua. Picha ya kwenye kioo haina mbali wala karibu, hivyo jicho moja lilimtosha, tofauti na chai. Ofisi ilikuwa na watu ishirini na wawili, karibu wote vijana wa kiume wa mjini, wanawake wanne, na aliyevuka miaka thelathini ni yeye peke yake, kiasi kwamba kila asubuhi ilibidi aitikie marahaba kuanzia mlangoni mpaka kwenye kiti chake, na jambo hilo lilimtia shaka tangu mwanzo, akamwambia mumewe, “Wananiamkia kana kwamba nilizaliwa mwaka arobaini na saba. Siku wakipunguza watu wataanza na mwenye shikamoo nyingi.” Habari ya jicho hakumwambia mtu, alichagua meza ya kushoto ukutani kama shuleni, akafanya kazi, na mkataba wake ukawa unarudiwa kila mwaka, mwisho wa Juni.

Mwezi Agosti 2022 msimamizi wa ofisi, kijana Mrisho, mzaliwa wa hapa mjini katika familia ya wafanyabiashara, aliwakusanya akasema wenye kampuni wanataka kujua ofisi ina watu wa aina gani, kabila, dini, umri, na kama yupo mwenye ulemavu. Watu wakatazamana, maana sisi tumelelewa kwamba kazini hatuulizani kabila, na mtu akikuuliza unatazama kwanza nyuma yake amesimama nani. Sijaona, binti aliyekaa meza ya jirani na marehemu, ndiye aliyeanza, “Kabila langu la nini, wanataka kuniposa?”, mwingine akadakia, “Na dini je, watatuletea futari?”, Mrisho akainua mikono akisema, “Jamani, mimi nimetumwa kuuliza tu,” ndipo marehemu akamwuliza, “Na aliyekutuma, yeye kabila gani?” Walicheka, lakini hakuna aliyelegea, kila mmoja akajibu kuwa yeye ni Mtanzania, mpaka ikawa kama ofisi nzima imetoka tumbo moja, na lilipofika suala la ulemavu kila mtu alisema hana, marehemu naye akasema hana, akiamini kwamba anayeuliza nani kilema anatafuta wa kumtoa.

Mwezi Aprili 2023 jibu lilikuja, likawa kinyume kabisa na walivyodhani. Mrisho alimwita marehemu pembeni akamwambia, “Mama Peniel, tumeonekana hatuna mchanganyiko. Wanataka aajiriwe mtu mwenye ulemavu, na kiti hawaongezi. Mkataba wako unaisha Juni.” Marehemu akauliza, “Kwa hiyo?”, Mrisho akajibu, “Kwa hiyo nakwambia mapema, ujipange.” Mtakumbuka kwamba mwaka ule Peniel alikuwa kidato cha nne, na karakana ya Paskali ilikuwa haina kazi za maana, kwa hiyo kiti kile ndicho kilichokuwa kinalisha nyumba.

Alirudi nyumbani akamweleza mumewe, Paskali akacheka kwanza, kisha akasema, “Si useme tu? Wanatafuta kilema, wewe hapo,” marehemu akamjibu kwa maneno ambayo Paskali ameyarudia mara nyingi tangu Jumamosi, “Nikinyamaza nimetoka. Nikisema, wataona nadanganya, na wakiniamini nitabaki kwa ajili ya jicho, si kwa kazi. Jicho hili limekaa usoni kwangu miaka yote halijaniletea hata sumni, leo ndiyo liniajiri?” Alikaa na jambo hilo kwa majuma, hakumwambia mama yake, hakumwambia mchungaji, na aliyekuwa anamwona siku hizo alidhani anaumwa.

Mwanzoni mwa Juni alifika ofisini kijana Abdulhamidi wa Mwankoko, anayetembea kwa magongo, akakaa kwenye benchi la nje kumsubiri Mrisho, na marehemu alipopita kijana akamwamkia kisha akauliza, “Mama, nasikia kuna mtu anatolewa ili niingie. Ni nani?” Marehemu akasema, “Ni mimi,” kijana akainamisha kichwa kidogo, halafu akasema, “Nilifanya jaribio la kazi kama wengine, nikapita kama wengine. Sasa naambiwa nimeitwa kwa sababu ya mguu, na nimkalie mtu mzima kwenye kiti chake. Mimi kiti cha hivyo sikitaki.” Marehemu alimtazama kwa shaka, kama alivyomtazama kila mtu, akaona hadanganyi, na ndipo alipoamua, akamwambia, “Nyanyuka, twende wote.”

Walimkuta Mrisho katikati ya ofisi, na marehemu akasema mbele ya wote kwamba jicho lake la kushoto halioni tangu utotoni. Mrisho alicheka, si kwa ubaya, akasema, “Mama Peniel, sasa kila anayetoka kazini atapata ulemavu?”, kisha, huku akizungumza bado, akaupeleka mkono wake ghafla kutoka upande wa kushoto wa marehemu, vidole vikaishia karibu kabisa na jicho, Sijaona akapiga yowe, lakini marehemu hakupepesa, aliendelea kumtazama Mrisho kwa jicho la kulia akisubiri jibu, akashtuka tu aliposikia yowe, akauliza, “Nini?” Mrisho alishusha mkono, na yeye, ambaye tangu apewe usimamizi alikuwa hamwamkii mtu humo ndani, akasema, “Shikamoo, mama.” Marehemu akaitikia, kisha akasema alichokuja kusema, “Kazi yangu unayo miaka minne, na jaribio la huyu kijana unalo. Zitazame. Kama mbovu, tutatoka wote wawili. Kama nzuri, usituambie habari za macho na miguu.”

Mwisho wa mwezi mkataba wake ulirudiwa, na Abdulhamidi naye akaingia, kwani kijana mmoja alikuwa ameacha kazi akahamia Dodoma. Hakuna aliyeeleza mkataba ulirudiwa kwa nini, na hapo ndipo maneno yalipoanza, nje walisema jicho limemlipia, na ndani Sijaona alimtania, “Mama Peniel, niazime hilo jicho, na mkataba wangu unaisha Desemba,” marehemu akacheka pamoja nao, ila nyumbani hakucheka. Mwaka 2024 alipewa jukumu la kuwafundisha wafanyakazi wapya, akalifanya kwa bidii, lakini kila aliposifiwa alijiuliza anasifiwa nini, ila hakumwuliza Mrisho, kwa sababu, kama alivyomwambia mumewe, swali likishajibiwa huwezi kulirudisha.

Mwezi Novemba 2024 marehemu alianza kuvimba miguu, akapimwa akaonekana ana tatizo la figo, akatibiwa hapa Singida na baadaye Dodoma, ambako alikuwa akienda kusafishwa damu, na katika muda wote huo aliwashuku madaktari, dawa na hata mizani, lakini kila alichoambiwa afanye alikifanya. Mwezi Juni 2025 alirudi nyumbani akiwa amechoka sana, Bi. Martha akaja kutoka Kisiriri kumwuguza.

Jioni ya Ijumaa tarehe 11 Julai walifika wageni watatu kumjulia hali, Abdulhamidi, Sijaona, na Mrisho, ambaye tangu Januari ameshaacha kampuni ile na anafanya biashara na baba yake, na ametupa ruhusa tuyasome haya. Marehemu aliomba ainuliwe akae, akamgeukia, akasema, “Mrisho, wewe si bosi wangu tena, na mimi sina mkataba wa kupoteza. Nilibaki kwa nini?” Mrisho akamtazama Bi. Martha kana kwamba anaomba asaidiwe, kisha akasema, “Mama, habari ya jicho lako sikuwaandikia kamwe. Hawajui mpaka leo.” Marehemu akasema, “Usinipoze kwa sababu naumwa,” Mrisho akajibu, “Sikupozi. Nilikuwa nimeshawaambia ofisi haina kilema hata mmoja. Ningeandika yupo, wangeniuliza kwa nini nilidanganya, na mimi ndiye ningetoka. Niliogopa. Nikawapelekea kazi zako, wakasema huyo abaki.”

Paskali aliangalia chini, na marehemu alilipima neno hilo kama alivyopima kila neno aliloambiwa maishani, akaligeuza huku na huku akitafuta ilipofichwa huruma, hakuipata, na kwa kuwa Mrisho hakuwa amejisifu hata kidogo, alimwamini. Alicheka mpaka Bi. Martha akamshika mgongo, akasema, “Kumbe tuliponzwa na woga wote wawili,” kisha akaagiza chakula kiletwe na wageni wasiondoke. Ukaletwa ugali wa uwele, mlenda na kuku, akahesabu kwa kidole, Paskali, Peniel, Derick, Dorika, mama yake, Abdulhamidi, Sijaona, na Mrisho aliyekuwa bado amesimama mlangoni akaambiwa akae, akauliza kama kuna aliyebaki nje, akaambiwa wote wapo, na yeye mwenyewe akala matonge mawili. Alfajiri ya Jumamosi tarehe 12 Julai 2025 hali ilibadilika, akakimbizwa hospitali, akafariki saa mbili asubuhi.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Singida na Dodoma waliomvumilia na maswali yake, majirani wa Mandewa walioleta kuni, maji na magodoro bila kuombwa, washarika wa Kisiriri, na wafanyakazi wenzake waliofunga ofisi ili wawe hapa leo, na wale wenye maneno tunawashukuru pia kwa kufika, sasa mmesikia.

Theodora, kazi ilikuwa yako. Kalale kwa amani, mama Peniel.